Jirani Mwenye Masharubu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza kazi ya filamu leo hiyohiyo. Nimelowa mpaka soksi. Naandika nikiwa kitandani, miguu ndani ya blanketi, maana nisipoandika nitampasukia mtu asiyehusika.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, cha watoto, kinaitwa Fundi wa Miavuli. Fundi anaishi katika mji ambao mvua haikatiki. Anawashonea watoto miavuli yao, na kila mwavuli una tabia yake: mmoja ukiufungua unakurudisha nyumbani hata kama hutaki, mwingine ukikasirika unapiga mluzi. Ng'ambo ya ukuta wa fundi anakaa Jirani, ambaye huimba kutwa, na fundi hushona kwa kufuata wimbo ule. Siku moja wimbo unakatika. Sindano inamgomea. Fundi anachukua mwavuli, anatoka, anakwenda kubisha. "Akabisha. Jirani akafungua." Kitabu kinaishia hapo.

Sasa wanakifanya filamu ya nyimbo, na mimi, mwalimu wa kwaya, nimepewa watoto wa kuwafundisha. Nimekubali kwa sababu napenda watoto wanaoimba, na kwa sababu mtu wa familia lazima awepo wasije wakatuharibia. Leo nimepewa maandishi ya filamu. Nasoma, nasoma, nafika katikati, namkuta mwanamke. Kijana, mrembo, ana gauni la manjano, ana jina la kuimbika, na anampenda fundi.

Kwenye kitabu cha Baba hakuna mwanamke ila mama wa watoto wanaoleta miavuli. Jirani ni mzee mwenye masharubu. Tumekua naye, yupo kwenye picha, amechungulia dirishani mdomo wazi, masharubu kama ufagio wa chooni. Utotoni tulikuwa tukimsalimia kabla ya kufungua ukurasa. Wamemfuta mzee wa watu, wakabandika bibi harusi.

Nimempigia Kaka. Yeye ni mpimaji wa ardhi, na anaamini kila kitu duniani kina mpaka wake na jiwe lake. "Baba hakuandika mwanamke," akasema. "Mkataba unasemaje?" Mkataba unasema chochote ambacho Baba hakukiandika, familia ikikikataa kinatoka, ilimradi tuseme kabla hakijapigwa picha. Na sehemu za huyo mwanamke zitapigwa mwisho wa msimu. "Basi atatoka," akasema Kaka, akakata simu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimewafundisha watoto kuvuta pumzi kwa tumbo. Mmoja amejifanya kuzimia.

Jumatatu, 11 Machi

Leo wametupeleka kuona mahali pa kupigia picha. Ni karakana ya zamani ya treni, ile iliyofungwa tangu nikiwa msichana. Nilitarajia kutu na panya. Mlango ukafunguliwa, nikasimama palepale.

Ndani mna mtaa, jamani. Nyumba za mbao zimepakwa rangi ukadhani ni matofali, madirisha yana mapazia, kuna mfereji unaotiririka kweli, kuna nguzo za taa. Juu, chini ya mabati, wametandaza mabomba yenye matundu. Fundi wa mabomba akafungua koki, mvua ikanyesha ndani ya nyumba. Nje nayo ilikuwa inanyesha, huwezi kujua ipi ya Mungu na ipi ya bomba. Watoto wangu, ambao hawanyamazi hata wakiwa na chakula mdomoni, walinyamaza.

Nikaitafuta nyumba ya fundi. Ipo, ina meza yake na nyuzi zake, na miavuli imening'inizwa darini kwa mishikio. Nikaweka kiganja ukutani, ukuta ule wa Jirani. Ni ubao mwembamba, na wameandika usiuegemee. Sikukiondoa kiganja hata hivyo. Baba aliutoa ukuta huu kichwani mwake, na sasa mtu anaweza kuugusa kwa mkono. Nilisahau hasira yangu mpaka nilipofika kituo cha basi.

Ijumaa, 15 Machi

Amekuja, huyo wa kubandikwa. Ni binti mfupi, mweusi tii, ana mwanya, anacheka kabla mzaha haujaisha. Mwongozaji wa filamu, mama mmoja ambaye havui kofia hata akiwa ndani (mimi namwita Kofia, kimoyomoyo), alimleta kwangu. "Mwalimu, huyu ndiye mpenzi wa fundi." Nikamjibu, "Kwenye kitabu gani?" Kofia akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Kwenye chumba cha mazoezi nimewaambia wenzangu kwamba huyo ni kiraka tu kilichoshonwa kwenye kitabu cha marehemu. Nilisema kwa sauti ya chini. Watoto wana masikio, na kufikia saa nane wote walikuwa wakimwita Dada Kiraka.

Jumanne, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kiraka amenifuata baada ya mazoezi. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia huenda nikafutwa."

"Umesikia vizuri."

"Na jina langu la Kiraka umenipa wewe."

Nikasema ndiyo, nikamtazama machoni, maana mimi si mtu wa kukana maneno yangu. Akacheka, mwanya wote nje. "Ni jina zuri kwenye hadithi ya miavuli. Kiraka kikishonwa vizuri maji hayapiti." Kisha akaacha kucheka. Akasema ameacha kazi ya kusoma matangazo redioni kwa ajili ya nafasi hii, na kama atafutwa basi afutwe, lakini mpaka siku hiyo ataimba kwa nguvu zake zote, nisije nikasema hakujitahidi. Akaenda zake mvuani bila mwavuli.

Msichana huyu ananipa shida. Ni vigumu kumchukia mtu anayekurahisishia.

Ijumaa, 22 Machi

Sijui niandike vipi.

Leo amejaribu wimbo wa ukutani. Fundi amekaa mezani kwake na mwavuli uliopasuka. Anayemwigiza ni mchekeshaji mmoja mnene mwenye haya, ambaye watoto wanamwita Mjomba. Kiraka yupo nyuma ya ubao, haonekani. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Kofia akasema, "Kimya." Nikakunja mikono.

Alianza chini sana, karibu na kuongea. Sauti yake si ya kupambwa. Ni sauti ya mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine, labda anafua, labda anachambua kitu, na hajui kama kuna anayemsikia. Kisha ikapanda, polepole, wala hakuisukuma. Seremala aliyekuwa juu ya ngazi alishusha nyundo yake na kuishika kwa mikono miwili. Watoto walisogea ukutani mmoja mmoja, kama watu wanaosogelea moto. Nimefundisha kuimba miaka yote hii, nimesikia sauti kubwa kuliko ile na safi kuliko ile, lakini sijawahi kusikia ukuta ukiimba.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mjomba alikuwa amejichoma sindano kweli, ananyonya kidole.

Nimerudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu nilikwenda pale kumchukia na wamenipokonya hata hilo.

Alhamisi, 28 Machi

Mama leo kaniuliza habari za filamu, jambo ambalo si kawaida yake. Nimeishi naye humu ndani tangu Baba afariki, na sijawahi kumwona akikifungua kitabu kile. Mambo ya vitabu alimwachia Baba, yeye ana mambo ya nyumba. Ndivyo ninavyomjua.

"Huyo mwanamke wenu," akasema, "anavaa nini?"

"Gauni la manjano."

"Manjano," akarudia, kama anayeonja chumvi. Akaendelea kula. "Anajua kwamba fundi anamsikia?"

"Kwenye filamu anajua, Mama. Anaimba makusudi."

"Hm. Na mtamtoa?"

"Kaka anataka atoke. Na wewe una sauti, Mama. Unasemaje?"

"Mtakavyoamua," akasema, akakusanya sahani.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Paa la darasa limevuja juu ya sauti ya kwanza. Sauti ya pili wamefurahi mno.

Jumamosi, 6 Aprili

Kikao kimefanyika sebuleni kwetu. Kaka alikuja na nakala ya familia, akaifungua kwenye picha ya mzee, akaiweka mezani kama ushahidi wa mahakamani. Kofia alikaa karibu na mlango. Pembeni yake alikaa mwandishi wa maandishi ya filamu, kijana wa miwani minene ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "samahani". Mama alileta chai, akabaki amesimama na birika.

Kaka akaweka kidole kwenye masharubu. "Huyu ndiye Jirani. Nyie mmemwua mkambuni mwanamke. Kwa nini?"

Miwani akavua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. "Samahani, mzee. Mimi sikumbuni. Nilimsoma."

"Ulimsoma wapi?"

"Humuhumu. Shuleni kwetu kitabu kilikuwa kimoja, na waliotutangulia walishachana picha zote wakabandika ukutani kwao. Mimi nilikisoma maneno matupu. Jirani anaimba, fundi anashona, wimbo ukikatika fundi anashindwa kufanya kazi, anakwenda kubisha na moyo unamdunda. Nilikuwa na miaka tisa nikajua huyu anampenda huyu." Akasogeza miwani puani. "Siku nilipopewa kazi hii ndipo nilipoiona hiyo picha. Nilidhani mchoraji amekosea nyumba."

Kofia akainamisha kofia yake ili asicheke.

"Samahani," Miwani akaendelea, "nionyesheni ukurasa mmoja unaosema Jirani ni mwanamume."

Kaka akafungua. Akafungua tena. Mimi nikamwinamia begani. Jirani aliimba. Jirani alicheka. Akafungua. Wimbo wake. Dirisha lake. Hakuna bwana, hakuna bibi, hakuna mume wala mke, hakuna ndevu, hakuna gauni. Kiswahili hiki, jamani, kinaweza kukufichia mtu mzima ndani ya herufi moja. "A" alicheka. Nani alicheka? Yeye.

"Hata kama haisemi," Kaka akasema, "haisemi pia kwamba ni mwanamke. Baba aliiona picha hii na hakuikataa. Mpaka umeshawekwa." Kikao kikaisha hivyohivyo. Kaka amewapa jibu lake: hapana. Mimi nimeomba muda. Nilipokwenda jikoni nilikuta birika bado lipo mkononi mwa Mama, na chai imeshapoa.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekisoma kitabu cha Baba nikiwa nimefunika kila picha kwa kipande cha gazeti.

Ni kitabu kingine. Nilikuwa nikidhani nakijua kwa moyo. Nilikuwa nayajua masharubu tu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua na upepo. Kaka kapiga simu asubuhi na jioni. Nimemwambia subiri.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata nikikesha na kalamu hii.

Mchana mvua ilitufungia ndani. Mama alikuwa kwenye meza ya jikoni anachambua mchele, mimi nimekaa mbele yake na kitabu, bado kina magazeti yake. Nikamwuliza tu, bila kupanga. "Mama, Jirani alikuwa nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyekuwa akiimba." Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. Akachambua tena, nikadhani ndiyo imeisha. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mimi sikuwahi kuwa na masharubu."

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu Mama hafanyi mzaha, nikataka kumpa moyo. Halafu nikaona mikono yake imetulia juu ya mchele.

Akaniambia. Walikuwa wapangaji, yeye na dada yake chumba hiki, Baba chumba kile, nyumba moja ndefu yenye baraza. Ukuta haukufika darini. Baba alikuwa akisahihisha kurasa za kiwanda cha uchapaji, anazileta nyumbani anazisoma hata siku za mapumziko. Mama alikuwa akifua nguo za watu na kuimba. Hakujua kama kuna anayesikiliza. Siku moja akashikwa na homa akalala, na kabla siku haijaisha mtu akabisha. Kufungua, ni yule kijana wa kurasa, ameshika mwavuli.

"Milango yetu ilikuwa chini ya baraza moja, mwanangu. Hatua chache tu, wala hakuna tone. Nikamwuliza, mwavuli wa nini? Akautazama kama ndiyo kwanza anauona. Alikuwa na aibu, alitaka mkono wake ushike kitu." Mama akatabasamu, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa wa msichana fulani simfahamu.

Nikamwuliza kwa nini basi masharubu. Akasema mchoraji naye alisoma, akaelewa anavyoelewa. Picha zilipoletwa Baba alipanda hasira, akavaa viatu aende kuzirudisha. Mama ndiye aliyemzuia. Babu, baba yake Mama, alikuwa hai bado, mtu wa fimbo na maneno machache. "Asome kwamba binti yake alikuwa akimwimbia kijana ukutani kabla ya posa? Angenitoa macho. Nikamwambia baba yenu, acha, masharubu yatanisitiri. Nikayashukuru kabisa."

Halafu Babu akafariki, lakini kitabu kilikuwa kimeshaingia mashuleni, na watoto wanampenda mzee. Na sisi wenyewe, watoto wake, tunamsalimia. "Ningeanzia wapi? Mngesema mama yenu anazeeka vibaya."

"Baba hakusema hata kwetu?"

"Nilimkataza. Alikuwa ananiita hivyo tukiwa wawili tu. Jirani. Mkiingia, ananiita Mama fulani kama watu wote."

Nilikuwa sijaelewa bado. Naapa, nilikuwa nimeketi pale namtazama na sijaelewa, mpaka yeye alipoanza kuchambua mchele tena na kusema, taratibu, "Ndiyo maana siku ile."

Siku ile Baba alikuwa anakata roho. Alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, sauti imekwisha, limebaki neno moja. Jirani. Jirani. Tulikuwa tumemzunguka. Kaka akasema, "Anamtaka jirani," akatoka mbio mvuani, akagonga kwa mzee mstaafu wa duka la dawa, mlango wa pili, akamleta na kandambili zake. Mzee wa watu akaketi kitandani, akamshika Baba mkono, akamwambia, "Nipo, jirani yangu, nipo hapa." Baba akawa anaangalia nyuma yake. Akaita tena. Mzee akajibu tena. Na Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika taulo.

Mimi ndiye niliyesimama mazishini nikasimulia jambo hilo mbele ya watu. Nikasema Baba alikuwa mtu wa watu, hata dakika ya mwisho aliulizia majirani. Watu walilia. Mzee wa duka la dawa alilia kuliko wote.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mzee ameacha chakula chake, amekuja na mvua, ameshaketi, ameshashika mkono. Nimwambie inuka, si wewe unayeitwa?" Akapuliza makapi. "Nikasema moyoni, ataelewa. Alikuwa mtu wa kuelewa."

Nilizunguka meza nikapiga magoti nikamlalia mapajani, mimi mtu mzima mwenye mvi, mchele ukamwagika. Akanipapasa kichwa kwa mkono wenye vumbi la mchele. Akasema, "Mwambie kaka yako. Watu wengine, hapana."

Nimekaa hapa namsikia ng'ambo ya ukuta anajigeuza kitandani. Nimekaa nyumba moja na mtu aliyemo kwenye kitabu, nikawa namwuliza kama chumvi imekolea.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwambia Kaka ndani ya gari lake, maji yanatiririka kwenye vioo. Sikumpunguzia. Nilipofika sehemu ya mzee wa duka la dawa, Kaka akasema, "Mimi ndiye niliyemleta." Nikamwambia sote tulikuwapo. "Hapana," akasema. "Nyie mlikuwapo. Mimi nilimleta." Akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia kidogo, hata hakushtuka.

Jioni alikuja kumwona Mama. Nilitoka nikawaacha. Nilirudi nikakuta wanakula wali uliobaki, sufuria katikati, kama zamani tulipokuwa hatuna chochote.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumempa Kofia jibu la familia. Mwanamke abaki. Lakini lile jina la kuimbika litoke, aitwe Jirani tu, na wimbo wa ukutani asijue kwamba anasikika. Kofia akauliza kulikoni, mbona juzi ilikuwa hapana. Kaka akakohoa. "Tumepima upya," akasema.

Kiraka alipoambiwa anabaki hakuruka wala hakupiga kelele. Aliketi kwenye sanduku la taa, akaficha uso kwa gauni lile la manjano. Nikakaa karibu naye. Nilitaka kumwambia anamwigiza nani. Ulimi uliniwasha, lakini nilikuwa nimeambiwa hapana. Nikamwambia tu, "Imba kama unafua." Akanitazama, akasema, "Mwalimu, ndivyo ninavyofanya siku zote. Umejuaje?"

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Watoto wote wana mafua, kwaya nzima inaimba kwa pua.

Alhamisi, 2 Mei

Mama kaniuliza Jumamosi wanapiga picha gani. Nikamwambia ile ya mwisho, ya mlangoni. Akasema, "Nitakuja." Kisha akatoa viatu vyake vya kutokea, akavipangusa, akaviweka karibu na mlango.

Jumamosi, 4 Mei

Nimerudi. Mwandiko utasomeka utakavyosomeka.

Kaka alituendesha. Mlango wa karakana ulipofunguliwa Mama alisimama palepale niliposimama mimi siku ya kwanza. Akautazama mtaa, nyumba, nguzo za taa. Kofia akaja mbio, akampa shikamoo, kofia mkononi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara katikati. Akamwekea Mama kiti kizuri kati ya taa mbili, mbele kabisa. Kiraka naye akaja na gauni lake la manjano, akapiga goti kidogo, akamsalimu. Mama akalishika lile gauni, akalipima kitambaa kwa vidole. "Limekupendeza," akasema. "Mimi nisingethubutu." Kiraka akacheka, akadhani ni heshima tu ya mtu mzima.

Wakajipanga. Mpango ulikuwa hivi: fundi anatoka kwake na mwavuli, anavuka hatua zile chache mvuani, anafika mlangoni, anaita mara moja. Ndani kimya kidogo. Kisha Jirani anaanza kuimba, chini, anapandisha, na mlango unafunguka. Watoto wangu walikuwa madirishani kwa ajili ya kiitikio, wameambiwa hata kupiga chafya ni kosa.

"Kimya," akasema Kofia. "Tayari."

Koki ikafunguliwa. Mvua ikashuka juu ya mtaa, na nje nayo ikazidi, mabati yote yakawa sauti moja. Mjomba akatoka na mwavuli. Sijui ni kipaji au ni haya zake za kweli, lakini mtu yule mnene alikuwa ameshika mwavuli ule kama asiyejua ni wa nini. Nilimtazama Mama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, macho hayapepesi.

Mjomba akafika mlangoni. Akainua mkono kubisha, akaushusha. Akasogeza uso karibu na ubao, akaita. Hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama mtu ambaye nguvu zake zimebaki za neno hilo tu.

"Jirani."

"Abee," akasema Mama.

Hakupaza sauti. Alijibu kama mke anavyomjibu mume kutoka chumba cha pili, jambo la kila siku. Lakini ilisikika mtaa mzima, juu ya mvua yote. Mjomba hakugeuka. Mabega yake yalitulia, akabaki ameinamia mlango, kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Nyuma ya ubao Kiraka, aliyepaswa kuanza wimbo, hakuanza. Watoto wakaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Mama machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, alikuwa akitazama mgongo ule mvuani, anangoja, kama aliyeitwa huko nyuma na ndiyo kwanza amepata nafasi.

Kofia aliinua mkono kusimamisha kamera, halafu akauacha hewani. Akageuka polepole, akanong'ona, "Nani ameitika?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Aliyeitwa," akasema.